Sin-Itiro Tomonaga na Kesi ya Fotoni

Sin-Itiro Tomonaga alizaliwa jijini Tokyo tarehe 31 Machi 1906. Babake, Sanjuro, alikuwa mwanafalsafa, na mnamo 1913 aila hiyo ilihamia Kyoto, alikopata uprofesa katika Chuo Kikuu cha Kifalme. Mtoto alikuwa dhaifu wa afya. Shuleni na hatimaye chuoni alisoma pamoja na Hideki Yukawa, ambaye mwaka wa 1949 angekuwa Mjapani wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Nobel. Fizikia ya kwanta ilikuwa ndiyo kwanza inachipuka Ulaya, na Kyoto haikuwa na mhadhiri wa kuifundisha. Vijana hao walijifundisha wenyewe kwa kuzipekua makala za kigeni.

Mwaka wa 1932 Yoshio Nishina alimwita Tokyo, katika taasisi ya utafiti ya Riken. Huko walishirikiana na wenzao kukitafsiri kwa Kijapani kitabu cha Paul Dirac kuhusu misingi ya mekanika ya kwanta. Si kazi ya kupuuzwa. Mfasiri hana pa kujificha. Dhana asiyoielewa humuumbua papo hapo. Kuanzia 1937 Tomonaga alikuwa Leipzig, Ujerumani, chini ya Werner Heisenberg. Shajara yake ya wakati huo imejaa simanzi ya mtu aliyejiona hafai kitu, hata Nishina akalazimika kumwandikia barua ya kumliwaza. Vita vilipozuka mwaka wa 1939, alirudi kwao.

Ili tatizo lililomshughulisha lieleweke, yafaa kwanza neno uga lifafanuliwe. Joto la chumba ni mfano wa karibu. Kando ya meko, dirishani, chini ya meza, kila mahali pana kiasi chake cha joto. Kitu kilicho na kiasi chake katika kila nukta ya anga ndicho wanafizikia wanachokiita uga. Nadharia ya uga wa kwanta inashikilia kwamba elektroni, na fotoni ambayo ni chembe ya nuru, si punje zinazoelea katika utupu. Ni mitikisiko ya uga, na mitikisiko hiyo huhesabika: mmoja, miwili, mitatu, wala kamwe si mmoja na nusu.

Nadharia hiyo iliasisiwa katika miaka ya 1920 ikiwa na kasoro. Iliandikwa kana kwamba saa moja inaitawala anga nzima, ilhali Einstein alikwisha kuonyesha mwaka wa 1905 kwamba watazamaji wanaopishana kwa mwendo hawakubaliani kuhusu matukio yapi yametukia kwa wakati mmoja. Dirac alikuwa ameipa kila elektroni wakati wake. Tomonaga alikwenda mbali zaidi, akaipa kila nukta ya anga wakati wake. Makala yake ilichapishwa mwaka wa 1943, kwa Kijapani, katikati ya vita. Wataalamu wa ng'ambo hawakuipata hadi ilipotoka kwa Kiingereza mwaka wa 1946, katika jarida jipya lililoanzishwa na Yukawa. Miaka mitatu ya kutosomwa ni gharama kubwa kwa mwanasayansi. Hata hivyo, hoja yenyewe haikupungukiwa na chochote kwa kuzaliwa katika Kijapani.

Kasoro ya pili ilikuwa sugu zaidi. Elektroni hutenda juu ya uga wake yenyewe, na kila athari hiyo ilipokokotolewa, jibu lilikuwa namba isiyo na kikomo. Tomonaga na wanafunzi wake, katika Tokyo iliyoteketezwa kwa mabomu na yenye uhaba wa chakula, walitafuta njia ya kutoka. Mtu asiyeweza kuvua nguo zake hupimwa uzito pamoja nazo. Uzito wake mtupu haujulikani wala hauhitajiki. Vivyo hivyo, elektroni inayopimwa maabarani daima imekwisha kuvikwa uga wake. Ukomo-hewa huo ukishahesabiwa ndani ya masi na chaji zilizopimwa, kinachosalia ni namba ya kawaida.

Mwaka wa 1947 Willis Lamb na Robert Retherford walipima huko Marekani tofauti ndogo kati ya viwango viwili vya nishati ya haidrojeni ambavyo nadharia ya Dirac ilivisawazisha. Tomonaga alipata habari hizo katika jarida la Newsweek. Kundi lake lilikokotoa tofauti hiyo, na mwaka wa 1948 akamwandikia Robert Oppenheimer, aliyehimiza muhtasari wa kazi hiyo uchapishwe Marekani. Mwaka wa 1949 Freeman Dyson alithibitisha kwamba njia za Tomonaga, Julian Schwinger na Richard Feynman, japo hazifanani kwa sura, ni nadharia moja.

Mwaka huohuo Tomonaga aliwaandikia wasomaji wa kawaida hadithi ya mahakamani. Mshtakiwa ni Mitsuko, na jina lake huandikwa kwa herufi zilezile za neno fotoni. Anadai kuwa aliingia chumbani kwa kupitia madirisha mawili kwa pamoja. Upande wa mashtaka unamwona mwongo. Wakili wake anaonyesha kwamba pasipokuwa na askari wa kumwona dirishani, dai hilo halina budi kukubaliwa. Tomonaga alikuwa mpenzi wa rakugo, sanaa ya Kijapani ya kusimulia visa vya kuchekesha, na ustadi huo unaonekana. Fumbo halifichwi chini ya istilahi. Linasimamishwa kizimbani na kuhojiwa.

Yeye, Schwinger na Feynman walitunukiwa Nobel mwaka wa 1965. Tomonaga hakuhudhuria sherehe kwa kuwa alianguka bafuni akavunjika mbavu, na mhadhara wake aliutoa Tokyo mwaka uliofuata. Alifariki kwa saratani ya koo tarehe 8 Julai 1979. Kitabu chake cha mwisho, kinachowauliza wasomaji wa kawaida fizikia ni nini, aliendelea kukishughulikia akiwa mgonjwa. Juzuu ya pili ilitoka mwaka huohuo baada ya kifo chake, ikiwa haijakamilika.