Gor Mahia Alikuwa Nani? Mjue Ruoth wa Ndhiwa Mwenye Jina la K'Ogalo

Wewe huimba Gor Mahia kila wikendi, lakini unajua huyo Gor alikuwa msee wa ukweli? Alikuwa ruoth wa Kanyamwa, Ndhiwa, Homa Bay, ile side inapakana na Migori. Pia alikuwa mganga noma sana. Inasemekana angejigeuza mnyama ama nyanya mzee watu wakiona, ndio akaitwa Mahia juu ya hizo vituko. Aliaga enzi za ukoloni. 1968, Luo Union na Luo Stars zikaungana, timu mpya ikabeba jina lake. 1987 ikatwaa Kombe la Mandela: 2-2 na Espérance kule Tunis, 1-1 Nairobi, goli za ugenini zikaamua. Si juju, buda. Straika Peter Dawo na wenzake walitoa jasho. Jina tu ndio la mganga.