Mwalimu wa Bendi

Kila bendi ipitapo barabarani twaona sare na twasikia ngoma. Ni nadra tukamkumbuka aliyewafundisha wapigaji. Leo twamkumbuka mmoja wao, Jon Sims, mwalimu wa muziki aliyezaliwa Kansas, Marekani, mwaka 1947.

Mwaka 1978 jimbo la California lilikuwa likijiandaa kupigia kura pendekezo la kuwafukuza shuleni walimu wapendao watu wa jinsia yao. Wengi waliishi kwa kujificha. Sims, naye akiwa mmoja wa watu hao, aliwakusanya wapiga matarumbeta na ngoma wa San Francisco, wanaume kwa wanawake, na mwezi Juni wakaandamana nyuso wazi. Novemba pendekezo lile likashindwa. Siku ishirini baadaye Meya George Moscone na Diwani Harvey Milk waliuawa; usiku ule kwaya aliyoianzisha Sims iliwaimbia waombolezaji kwenye ngazi za jumba la jiji.

UKIMWI ulimwua mwaka 1984, akiwa na umri wa miaka 37. Bendi yake ingali yapiga. Nasi twajifunza: ushujaa wa mtu mmoja hupita, bali nidhamu aliyoipanda katika umoja hudumu.