Homer Smith: Kutoka kwa kamongo hadi kipimo cha figo

Mtu mwenye presha au kisukari cha muda mrefu akienda hospitali kubwa hapa Arusha, huenda daktari akaagiza atolewe damu ya kupima kreatinini. Hayo ni mabaki yatokayo kwenye misuli, na figo zikichoka hubaki kwenye damu. Kutokana na majibu hayo, daktari hukadiria figo zinachuja kiasi gani kwa dakika. Hesabu hiyo ina historia ndefu, na sehemu yake inapitia Ziwa Victoria, kwa samaki aitwaye kamongo.

Homer William Smith alizaliwa Denver, Marekani, tarehe 2 Januari 1895. Alipata shahada ya udaktari wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1921. Mwaka 1928 akawa profesa wa fiziolojia, yaani elimu ya namna viungo vya mwili vinavyofanya kazi, katika Chuo Kikuu cha New York. Alifundisha huko hadi mwaka 1961.

Mwaka huohuo wa 1928 alisafiri hadi Afrika Mashariki kumtafuta kamongo. Wenzetu wa Mwanza na Musoma wanamjua vizuri: samaki mrefu mwenye mapafu, ambaye asipopanda juu kuvuta hewa hufa maji humohumo majini. Akikaukiwa na maji anaweza kujichimbia kwenye tope na kukaa humo miezi mingi bila kula wala kunywa.

Swali la Smith lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulijibu. Samaki akiwa majini, taka nyingi za mwili wake hutoka kwa njia ya mashavu kama amonia, ambayo ni sumu. Sasa akiwa amefungiwa kwenye tope kavu, sumu hiyo inakwenda wapi? Aliwasafirisha kamongo hadi Marekani, akawalaza kwenye tope na kuwapima. Akaona kwamba katika usingizi ule samaki hupunguza sana matumizi ya nguvu, hujila misuli yake mwenyewe kidogo kidogo, na badala ya amonia hutengeneza urea, isiyo na ukali mkubwa. Urea hurundikana mwilini mpaka maji yarudi, ndipo samaki huitoa. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1930.

Ulikuwa mwaka wa mavuno. Katika andiko jingine la 1930 alionyesha kwamba samaki wengi wa baharini hunywa maji ya chumvi kwa sababu bahari inawanyonya maji mwilini, kisha chumvi ya ziada huitoa kwa mashavu. Wanaosoma viumbe wa majini bado wanaanzia hapo.

Kutoka kwa samaki akahamia kwa binadamu. Yeye na wenzake walitumia inulini, aina ya wanga upatikanao kwenye mizizi ya baadhi ya mimea. Ikiingizwa kwenye damu, figo huichuja yote bila kuirudisha wala kuiongezea. Kwa hiyo ukipima inulini iliyo kwenye damu na iliyo kwenye mkojo, unajua figo imechuja kiasi gani. Kwa mtu mzima mwenye afya ni kama mililita 125 kwa dakika, au lita 180 kwa siku. Kwa sisi tunaobeba maji kwa madumu ya lita 20, hayo ni madumu tisa kila siku! Karibu yote hurudishwa mwilini, na lita moja au mbili tu hutoka kama mkojo.

Kwenye miteremko ya Mlima Meru jambo hili linatugusa kwa namna ya pekee. Maji yetu mengi yana floraidi nyingi, ile inayogeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia, na figo ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya floraidi inayoingia mwilini. Figo ikidhoofika, nyingi zaidi hubaki.

Si kila alichosema Smith kilisimama. Aliamini kwamba vichujio vya figo vilianza kwa samaki wa kale wa maji baridi, vikiwa kama pampu ya kutoa maji ya ziada. Baadaye watafiti wengi walipinga, wakisema mababu wa samaki walianzia baharini. Sisi tunaona kosa hilo halipunguzi thamani ya vipimo vyake.

Aliandika pia kwa watu wa kawaida. Mwaka 1932 alitoa kitabu cha hadithi kilichobeba jina la samaki wetu, Kamongo, kuhusu mwanasayansi na kasisi wanaobishana melini. Mwaka 1951 likafuata buku lake kubwa kuhusu figo, lililotumiwa na madaktari wa nchi nyingi.

Siku hizi uzito wa mtafiti hupimwa kwa kuhesabu mara ngapi wenzake wametaja maandishi yake. Smith alifariki New York tarehe 25 Machi 1962, na faharasa kubwa ya kwanza ya kuhesabu hivyo katika sayansi ilitolewa mwaka 1964. Hata hesabu hiyo ingemkosa kwa sehemu, maana kazi yake imezoeleka mno hata hatajwi tena. Vipimo rahisi vya leo, pamoja na kreatinini, vililinganishwa na inulini ili kujua kama vinasema kweli. Kwenye karatasi ya majibu, uchujaji huo huandikwa kwa herufi eGFR. Ukiziona, muulize daktari namba yako ni ngapi, na mara ya mwisho ilikuwa ngapi.