Mwalimu Nyerere na Njia ya Kurudi Darasani

Kusini ya mji wa Moshi, mahali ambapo mteremko wa Kilimanjaro unakwisha na tambarare inaanza, kipo kijiji cha Chekereni, chenye mashamba ya mpunga yanayomwagiliwa maji. Hapo pana kituo cha mafunzo ya kilimo, ambamo wakulima watu wazima huja kukaa darasani kwa muda, kisha hurudi majarubani kwao. Hakuna amwonaye mkulima wa namna hiyo kuwa mtu aliyeshindwa, ati kwa sababu aliacha shule zamani na leo anashika kalamu tena. Lakini mwanachuo wa ualimu akiomba kuahirisha masomo, kwa sababu ya ugonjwa, ya ada au ya kufiwa na mzazi, mara nyingi sisi wakufunzi humhesabu kuwa amekwisha kupotea. Jina lake huondolewa katika daftari la mahudhurio, na pengine huondoka katika fikira zetu pia.

Yafaa basi tuyatazame upya maisha ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere kwa upande huu mmoja tu: jinsi alivyokatiza masomo yake na jinsi alivyoyarudia.

Nyerere alizaliwa Butiama, karibu na Musoma, mwezi wa Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi miongoni mwa Wazanaki. Aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, naye alikuwa na umri wa miaka 12 hivi. Alichelewa kuanza, lakini alimaliza mafunzo ya hapo mapema kuliko ilivyopangwa, na mwaka 1937 akapelekwa Shule ya Serikali ya Tabora. Mwaka 1942 baba yake alifariki. Mwaka uliofuata kijana huyo aliingia Chuo cha Makerere, Uganda, akasomea ualimu, na kufikia mwisho wa mwaka 1945 alikuwa amehitimu stashahada yake.

Hapo ndipo masomo yalipokatika. Nyumbani alikuwako mama na ndugu waliomtegemea. Mwaka 1946 alianza kufundisha katika shule ya misheni ya Mtakatifu Maria, Tabora. Kwa zaidi ya miaka mitatu hakuwa mwanafunzi wa chuo chochote. Kwa mtu anayetazama juu juu, safari ya elimu yake ilikuwa imefika mwisho, maana kijana wa Tanganyika wa siku zile aliyekwisha kufika Makerere alihesabiwa kuwa amefika kilele.

Hata hivyo, miaka ile ya Tabora haikupita bure. Kwanza, alifanya kazi iliyohusiana na elimu aliyokuwa ameipata, naye kila siku akilazimika kuyaeleza kwa wengine mambo aliyoyasoma. Tena, nje ya saa za kazi aliwafundisha wenyeji watu wazima lugha ya Kiingereza bila malipo. Aidha, hakuiacha mitihani. Padri Richard Walsh, aliyekuwa mkuu wa shule ile, alimhimiza ajitayarishe kwa mtihani wa kuingilia Chuo Kikuu cha London, akaufanya na kuufaulu mwezi wa Januari 1948. Aliomba msaada wa masomo kutoka katika mfuko wa Serikali ya kikoloni, akanyimwa. Aliomba mara ya pili, akapewa mwaka 1949.

Inafaa wakufunzi wazingatie kwamba hata baada ya kupewa nafasi hiyo alisitasita. Uzito haukuwa katika vitabu wala katika hofu ya baridi ya Ulaya. Alijua kwamba akiondoka hataweza kuwatunza mama yake na wadogo zake kwa mshahara wa ualimu. Wanachuo wetu wengi husitasita kwa sababu hiyo hiyo, wala si kwa uvivu.

Aliondoka mwezi wa Aprili 1949, akafika Edinburgh, Scotland. Hakuingizwa moja kwa moja katika shahada. Alianza kwa mafunzo mafupi ya kemia na fizikia, tena akafanya mtihani wa Kiingereza wa kumstahilisha kuingia chuo kikuu. Mwezi wa Oktoba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 27, alikubaliwa katika kitivo cha sanaa. Alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi, historia, elimu ya jamii za watu, sheria za katiba na falsafa. Mwezi wa Julai 1952 alipata shahada yake. Aliporejea nchini alifundisha katika shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, hadi mwezi wa Machi 1955, alipojiuzulu ualimu ili ashike kazi ya TANU, chama kilichoanzishwa tarehe 7 Julai 1954.

Mtu huyu aliyeonja kukatiza na kurudia masomo baadaye alikuwa na mamlaka juu ya masomo ya wengine. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine waliandamana kuipinga sheria ya kulazimishwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Rais aliwafukuza wanafunzi wapatao 400 siku hiyo hiyo, wakarudishwa makwao. Wapo wanaoiona adhabu ile kuwa kali mno, na wapo wanaosema ilistahili. Lakini mlango haukufungwa daima: baada ya kukaa nje kwa muda, wengi wao walikubaliwa kurudi.

Mwezi wa Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma. Pamoja na mambo mengine, iliamuliwa kwamba mwanafunzi amalizapo kidato cha sita asiingie chuo kikuu kabla ya kufanya kazi kwa miaka isiyopungua miwili na kupata sifa njema mahali pake pa kazi. Hapo ni kana kwamba njia ya Makerere, Tabora na Edinburgh imefanywa kuwa njia ya kila mtu. Matokeo yake yalitufundisha jambo zito. Idadi ya wanawake walioingia chuo kikuu ilishuka, kwa kuwa binti aliyekwenda kazini, akaolewa na kupata watoto, hakupata nafasi rahisi ya kurudi. Haukupita muda mrefu wanawake wakaruhusiwa kuingia bila ya sharti hilo, na katika miaka iliyofuata utaratibu wenyewe ulilegezwa. Ni dhahiri kwamba mapumziko yale yale yanayomkomaza mmoja yanaweza kumfungia mwingine njia.

Kwa watu wazima wa vijijini, kazi ya Nyerere ilizaa matunda yaliyo wazi zaidi. Aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1967 waliojua kusoma na kuandika walikuwa kama theluthi moja ya watu wazima. Kwa hesabu za Serikali, kufikia mwaka 1986 walikuwa kama asilimia 90. Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.

Tunajifunza nini sisi wa vyuo vya ualimu? Kijana wa Tabora alikuwa na akili, lakini pia alikuwa na mtu mzima aliyemkumbusha mtihani, kazi iliyomweka karibu na vitabu, na nafasi ya kuomba mara ya pili. Mwanachuo anayeahirisha masomo anahitaji hayo matatu. Kabla hajaondoka, mkufunzi mmoja akabidhiwe jukumu la kuwasiliana naye, na tarehe ya kurudi iandikwe. Ikiwezekana, apewe kazi ndogo inayohusu somo lake, kama vile kuwasaidia watu wazima wa kijijini kwake kusoma. Akirudi, asitupwe katikati ya muhula. Apewe majuma machache ya kujikumbusha, kama Edinburgh ilivyoanza na mafunzo mafupi. Aliye na mtoto au mgonjwa nyumbani afikiriwe mapema zaidi, maana yeye ndiye aliye katika hatari kubwa ya kutorudi.

Darasani, mkufunzi anaweza kuwapa wanachuo kazi ya kuchora mstari wa miaka kuanzia 1943 hadi 1952, kisha kila kikundi kijadili ni wapi safari ile ingeweza kukatika kabisa, na ni nani aliyesaidia isikatike. Baada ya hapo, kila mwanachuo aandike jina la mwenzake mmoja aliyeondoka chuoni na hajarudi. Orodha hiyo ipelekwe kwa mkuu wa chuo, na barua zianze kuandikwa.