Jenner na Hofu ya Matabibu

Wengi hudhani kwamba anayeikimbia chanjo ni yule asiyesoma. Mimi sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni maisha ya Edward Jenner, tabibu wa Uingereza aliyezaliwa Berkeley mwaka wa 1749.

Zama hizo, kinga ya ndui ilikuwa kumtia mtu asiyeugua usaha wa ndui yenyewe. Jenner alifanyiwa hivyo utotoni, akataabika mno. Alipokuwa tabibu wa mashambani, aliyazingatia maneno ya wakamua maziwa, ya kwamba aliyepata ndui ya ng'ombe haipati ndui ya watu. Tarehe 14 Mei 1796 alichukua usaha mkononi mwa mkamuaji Sarah Nelmes, akamchanja James Phipps, mtoto wa miaka minane. Baadaye alimtia ndui yenyewe, mtoto hakuugua.

Ungetaraji matabibu wenzake washangilie. La hasha! Jumuiya ya wanasayansi ya Royal Society ilikataa kuchapisha makala yake, naye akajichapishia kitabu mwaka wa 1798. Mwaka wa 1805 Daktari William Rowley wa London alitoa kitabu chenye picha ya mvulana aliyedaiwa kugeuka uso wa ng'ombe kwa sababu ya chanjo. Watu hawa hawakukosa elimu. Naona nyoyoni mwao mambo matatu: kinyaa cha kutiwa mwilini kitu cha mnyama, kiburi cha kukataa kufunzwa na tabibu wa kijijini, na hofu ya kupoteza ada za kinga ya kale.

Jenner aliendelea kuwachanja maskini bila malipo katika kibanda cha bustanini mwake hata akafariki mwaka wa 1823. Uingereza iliipiga marufuku ile kinga ya kale mwaka wa 1840.

Ndui ilikomea karibu nasi. Mtu wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida, mwaka wa 1977, alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia. Alifanya kazi miongoni mwa wauguzi, lakini aliikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Alipona, na miaka mingi baadaye akawa akiwahimiza watu wawachanje watoto wao dhidi ya polio.

Walimu mnaowaandaa vijana kwa vyuo vya uuguzi, wafunzeni pia kuzitambua hofu zao wenyewe na kuzisema. Mgonjwa humtazama muuguzi kwanza kabla ya kuunyosha mkono wake.