Johannes Diderik van der Waals (1837–1923)

Mtahiniwa, jina hili utakutana nalo katika mada ya nguvu za mvutano kati ya molekuli. Van der Waals alizaliwa Leiden, Uholanzi, mtoto wa kwanza kati ya kumi wa fundi seremala. Akawa mwalimu wa shule ya msingi. Alipotaka kusomea shahada alizuiwa, kwa kuwa hakusoma Kilatini na Kigiriki. Hakukata tamaa: alihudhuria masomo ya chuo kikuu katika muda wake wa ziada mpaka sharti hilo likaondolewa.

Mwaka 1873, akiwa na miaka 35, alipata udaktari. Tasnifu yake ilieleza kwamba molekuli za gesi zina ukubwa na huvutana. Ndiyo maana gesi ikipozwa na kugandamizwa vya kutosha hugeuka kimiminika. Mwaka 1910 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Kumbuka mambo yanayoathiri mvutano huo: idadi ya elektroni katika molekuli, umbo la molekuli, na kama molekuli ina ncha chanya na ncha hasi. Chukua halojeni: molekuli ya klorini ina elektroni 34, ya bromini 70, ya iodini 106. Kwa hiyo, katika halijoto ya kawaida, klorini ni gesi, bromini ni kimiminika na iodini ni yabisi.

Ukiulizwa sababu, usitaje vifungo vilivyo ndani ya molekuli. Taja mvutano kati ya molekuli na molekuli. Hapo ndipo watahiniwa wengi hupoteza alama.