Mfalme Tewodros na Vitabu vya Magdala

Katika nchi ya Uhabeshi, ambayo siku hizi huitwa Ethiopia, alizaliwa yapata mwaka 1818 mtoto jina lake Kassa. Baba yake alikufa mtoto angali mdogo, akapelekwa kwa watawa, akafundishwa kusoma. Alipokuwa kijana aliishika silaha, akawashinda wakuu waliokuwa wakigombea nchi, hata mwaka 1855 akatiwa taji, akaitwa Tewodros.

Wakati ule vitabu vya Uhabeshi havikupigwa chapa. Ngozi ya mbuzi ililowekwa, ikawambwa, ikaparwa kwa kisu mpaka ikawa nyembamba na nyeupe. Ndipo mwandishi alipochonga kalamu ya tete, akaandika kwa wino mweusi wa masizi, na majina matakatifu kwa wino mwekundu. Kitabu kimoja kikubwa kiliweza kumaliza ngozi za kundi zima la mbuzi, na kazi ya miezi mingi.

Tewodros alikusudia kujenga kanisa kubwa juu ya ngome yake ya Magdala, mlima mrefu wenye magenge pande zote, na kuliwekea vitabu vingi kuliko makanisa yote.  Mwaka 1866 aliuteka nyara mji wa Gondar, uliokuwa mji wa wafalme tangu zamani, akayanyang'anya makanisa vitabu vyake, kisha akauchoma moto. Basi vitabu vipatavyo elfu moja vikakusanyika Magdala, na mapadre wa Gondar wakabaki wakilia.

Mwaka 1862 alikuwa amempelekea Malkia Victoria barua ya kutaka urafiki. Hakujibiwa. Akakasirika, akamfunga balozi wa Waingereza pamoja na wamisionari. Waingereza wakamtuma Jemadari Napier na askari wapatao 13,000, na tembo wa Bara Hindi wa kukokota mizinga. Tarehe 13 Aprili 1868 ngome ilitekwa. Tewodros hakukubali kushikwa. Alijipiga risasi kwa bastola aliyopewa zamani na Malkia yule yule.

Askari wakateka kila kitu, na vitu vikauzwa kwa mnada. Tembo 15 na nyumbu karibu 200 ndio waliochukua mateka hayo. Mwandishi wa magazeti H. M. Stanley alikuwapo. Ndiye huyo huyo aliyepita nchi ya Waha mwaka 1871, akiwalipa wakuu hongo, alipokwenda Ujiji kumtafuta Livingstone. Vitabu vipatavyo 350 vilipelekwa London. Alemayehu, mwana wa mfalme, mtoto wa miaka 7, alichukuliwa pia, akafa Uingereza mwaka 1879, naye amezikwa huko huko.

Mwaka 1872 Mfalme Yohannes wa Nne aliandika kuomba kitabu kimoja, Kebra Nagast, maana yake Utukufu wa Wafalme, kilichoeleza habari za Sulemani na Malkia wa Sheba. Alisema kwamba bila kitabu hicho watu wake hawatamtii. Waingereza walikuwa na nakala mbili, wakairudisha moja. Vingine vingi vingali London, katika British Library. Mwaka 2018 vilionyeshwa watu, na kurasa za vingi zimepigwa picha, hata padre aliyeko Gondar aweza kusoma kitabu ambacho watangulizi wake walinyang'anywa na mfalme wao wenyewe.